Kutembezwa kwenye kaburi la Daniel O'Connell, Glasnevin, Dublin: lipa tiketi, usizunguke mwenyewe

Jamani watu wakija Dublin wananiulizaga waende wapi, na wengi wanakuwa wameshapanga kiwanda cha bia na zile baa za Temple Bar, mimi jibu langu ni makaburini. Makaburi ya Glasnevin, kaskazini mwa jiji, basi zinafika mpaka karibu na geti. Najua kwetu makaburini haendi mtu kutembea, unaenda kuzika au kupalilia unarudi zako nyumbani, ila hapa kuna huduma kabisa ya kutembezwa na mtu anayeijua historia, na unaingia mpaka ndani alipolazwa Daniel O'Connell, yule wakili na mwanasiasa ambaye ndiye aliyeyapigania hayo makaburi yakawepo. Natoa nyota tano na ninazieleza hapa chini, ni ndefu kidogo mnivumilie maana huyu mzee ananigusa.

Mambo ya tiketi kwanza. Kuingia makaburini tu ni bure, ni makaburi ya watu na wanazika mpaka leo, kwahiyo vaa vizuri na usipige kelele, unaweza kukutana na msiba. Kinacholipiwa ni kutembezwa na kupanda mnara wa O'Connell. Bei zinabadilika so angalia kwenye tovuti yao, na nunua mapema kama unaenda wikiendi au kiangazi. Wapo wanaosema aah nitazunguka mwenyewe na simu yangu. Utazunguka ndio, utaona mawe tu. Wamezikwa humo watu zaidi ya milioni 1.5, utaanzia wapi?

Sasa O'Connell ni nani. Kazaliwa tarehe 6 Agosti 1775 huko Kerry, kusini magharibi kabisa ya Ayalandi, karibu na Cahersiveen. Kwao walikuwa na mali kiasi ila ni Wakatoliki, na Mkatoliki wa Ayalandi enzi hizo alikuwa mgeni kwenye nchi yake mwenyewe, bungeni haingii, ujaji hapati, vyeo vikubwa vyote vina kiapo ambacho Mkatoliki akikiapa ameikana dini yake. Utotoni alipelekwa akalelewe kwenye familia ya mchungaji wa ng'ombe, akakua anaongea Kiayalandi, halafu baba yake mkubwa Maurice ambaye hakuwa na mtoto akamchukua akamsomesha Ufaransa. Huko nako mapinduzi yakawa yamewaka, kijana akaondoka Januari 1793, siku zilezile mfalme Louis wa 16 anakatwa kichwa. Kitu hicho kilimkaa. Maisha yake yote alikuwa anaamini haki inadaiwa kwa sheria na kwa wingi wa watu na sio kwa kumwaga damu, na wapo Waayalandi wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo.

Uwakili alianza mwaka 1798. Sheria ilikuwa imelegezwa miaka 6 nyuma yake, Mkatoliki anaruhusiwa kuwa wakili wa kawaida lakini ile daraja ya juu ya mawakili wa mfalme hapana. Yaani fikiria, wewe ndio unasifiwa nchi nzima kwa kumhoji shahidi mpaka anajichanganya mwenyewe, na kila siku unakaa nyuma ya watu wasiokuzidi chochote isipokuwa dini. Alikaa hivyo miaka na miaka. Nikiwa pale nilikuwa namuwazia sana hapo, maana wengi wetu tunaokaa ughaibuni tunaijua hiyo hali ya kuwa na kazi unaiweza na mlango umefungwa.

Matembezi yanaanza na hadithi ya kwanini makaburi yapo, na hapa ndio nilipopendea. Wakatoliki hawakuwa na makaburi yao, walikuwa wanazika kwenye viwanja vya kanisa la Kiprotestanti, na mwaka 1823 kwenye msiba mmoja St Kevin's hapa Dublin padri akazuiwa asimsalie marehemu kaburini. Mbele ya wafiwa! Watu walichukia mji mzima. Mwanasiasa mwingine angepiga hotuba ya moto akaondoka, O'Connell alikaa chini kama wakili akapekua sheria akaandika maoni yake kwamba hakuna sheria yoyote inayomkataza padri kumuombea maiti kaburini, halafu akaanza kupigania eneo. Likafunguliwa Februari 1832, eka 9 tu kwa kuanzia, na wa kwanza kuzikwa alikuwa mtoto wa miaka 11, Michael Carey, kutoka mitaa ya maskini. Na hakulifanya la Wakatoliki peke yao. Lilikuwa la watu wa dini zote na wasio na dini. Watu walionyimwa kwa karne nzima, wanapata cha kwao, halafu wanaacha mlango wazi kwa yeyote, mimi hapo nilisimama nikamshukuru huyo mzee kimoyomoyo.

Njiani utaonyeshwa minara midogo kwenye ukuta, ilikuwa ya walinzi, wezi wa maiti walikuwa wanafukua usiku wanawauzia madaktari wa kujifunzia. Watoto wanaipenda sana hiyo sehemu. Utapita kwa Michael Collins, kiongozi wa vita vya uhuru wa Ayalandi, maua hayakauki pale, na kwa Parnell, mwanasiasa mkubwa wa baadaye, ambaye kawekewa jiwe moja kubwa limeandikwa jina tu.

Halafu unashuka kwa O'Connell.

Ni chumba cha mawe chini ya mnara, unainama kidogo mlangoni na baridi inakupokea. Katikati kuna kama sanduku kubwa la jiwe lililochongwa, pembeni yake lina matundu, unapitisha mkono unaligusa jeneza lenyewe, mbao kabisa. Wanasema ukiligusa unapata bahati, mbao imeshakuwa laini kwa mikono ya watu. Mimi niligusa lakini sikuomba bahati, nilimsalimia tu shikamoo. Ukutani yameandikwa maneno yanayosemwa ni ya wosia wake, mwili wangu Ayalandi, moyo wangu Roma, roho yangu mbinguni. Na kweli alifia njiani akienda Roma, Genoa, tarehe 15 Mei 1847, akiwa na miaka 71, moyo ukatolewa ukapelekwa Roma kwenye chuo cha Kiayalandi, na baadaye chuo kilipohama ukapotea, mpaka leo haujulikani ulipo. Pembeni kuna chumba kingine, ukichungulia unaona majeneza ya familia yake yamepangwa juu ya mengine. Kama una moyo mwepesi jiandae, maana sio picha, ni majeneza kweli.

Mnara una urefu wa mita 55 na ngazi 198, hamna lifti. Mwaka 1971 ulilipuliwa bomu, ngazi za ndani zikaharibika na hakuna aliyepanda mpaka 2018 zilipotengenezwa upya. Mwenye magoti mabovu abaki chini, sio aibu. Juu kuna madirisha unaona bahari upande mmoja na milima ya Wicklow upande mwingine, kukiwa na mawingu huoni kitu, kwahiyo angalia hali ya hewa kwanza.

Ushauri wangu mkubwa kwa anayekwenda ni kwamba usikae kimya. Uliza maswali. Waongozaji wa pale wanajua mambo mengi kuliko muda wa matembezi unavyoruhusu na ukiuliza wanafurahi. Mimi nina ya kuuliza matatu nawapa na nyie.

La kwanza, uliza kesi ya Doneraile. Oktoba 1829, wakulima kibao wa huko Cork wanashtakiwa kwamba wamepanga njama ya kuua wenye mashamba, ushahidi wenyewe ni wa wachongezi wa kulipwa, wanne wa kwanza wakahukumiwa kunyongwa chapuchapu. O'Connell wakati huo yuko mapumzikoni kwake Derrynane, mbali. Ndugu wakamtuma mtu na farasi usiku, maili 90, amfikie. Mzee akasikiliza, akapanda kigari chake cha farasi akaendesha mwenyewe kwenye zile barabara za milimani mpaka Cork, akaingia mahakamani kesi ya kundi la pili inaendelea. Inasimuliwa alikuwa na njaa mpaka akaomba ruhusa ale palepale, mkate na maziwa, huku mdomo umejaa anamkatiza mwendesha mashtaka, hiyo sio sheria! Halafu akawashika wale mashahidi mmoja mmoja akawachambua. Kundi la pili wazee wa baraza walishindwa kukubaliana, la tatu wakaachiwa, na wale wanne wa mwanzo hawakunyongwa. Nikisoma hiyo huwa nawaza yule aliyepanda farasi usiku kucha, alijuaje kama mzee atakubali kutoka? Alijua tu. Wakili anayejulikana na maskini kwamba ukimwita anakuja, huyo ndio wakili.

La pili, uliza uchaguzi mdogo wa jimbo la Clare, magharibi mwa Ayalandi, 1828. Hapa lazima ujue alivyojenga ile Jumuiya ya Wakatoliki kuanzia 1823. Kabla yake siasa ilikuwa ya mabwana wanaoandika maombi kwa lugha ya heshima yanawekwa kabatini. Yeye akasema kila mtu atoe peni moja kwa mwezi, inakusanywa mlangoni mwa kanisa, daftari lipo kama la mchango wa harusi, na jina la maskini linaandikwa sawa na la mwenye shamba. Peni moja ni hela ndogo ila aliyetoa anajisikia ni mwenye chama, na nchi nzima ikawa imejipanga kabla serikali haijashtuka. Halafu akagombea Clare, hakuna sheria iliyomkataza Mkatoliki kugombea, ilimkataza kukaa bungeni tu kwa sababu ya kile kiapo. Ona akili ya kiwakili hiyo! Akashinda kura 2,057 kwa 982 dhidi ya waziri. Serikali ya waziri mkuu Wellington na waziri wake Peel ikaona hapa tukikataa nchi itawaka, Aprili 1829 sheria ikapita, Mkatoliki anaingia bungeni. Alipokwenda kukaa kwenye kiti chake wakamletea kiapo cha zamani eti sheria mpya haimhusu kwa sababu alichaguliwa kabla, akakisoma akakikataa mbele yao, akarudi Clare akachaguliwa tena bila kupingwa.

Ila hapa muulize mwongozaji na upande wa pili, maana mimi simpendi mtu nikafumbwa macho. Bei ya hiyo sheria ilikuwa kwamba wapiga kura wadogo, wenye ardhi ya thamani ya shilingi 40 kwa mwaka, waliondolewa kwenye kura Ayalandi, kiwango kikapandishwa mpaka pauni 10. Yaani walewale waliompigia kura Clare wakapoteza kura. Yeye alilipinga lakini hakuzuia mpango mzima kwa ajili yao. Ni doa, na linatakiwa kusemwa palepale kaburini kwake.

La tatu ndilo langu kabisa na ndilo nawaomba Waafrika wenzangu muulize bila kuona haya: watumwa. O'Connell alikuwa adui wa utumwa kweli kweli, sio wa kusema tu. Alikuwa bungeni ile sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa kwenye makoloni ya Uingereza ilipopita, na mwaka 1840 alisimama kwenye mkutano mkubwa wa dunia wa kupinga utumwa London. Lakini kipimo chake kilikuja kwenye hela. Miaka ya 1840 alikuwa anaendesha kampeni ya kurudisha bunge la Ayalandi, na Waayalandi wa Marekani walikuwa wanamtumia michango mizuri, wengine wao wa majimbo ya kusini wanaoutetea utumwa. Angeweza kunyamaza, watu wake walikuwa maskini na chama kinahitaji fedha, na wenzake walimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Aliwaandikia kwa ukali kwamba mtetea utumwa hamtambui kuwa Muayalandi, na kule kusini matawi mengine yakavunjika kwa hasira. Nimeona viongozi wengi kwenye maisha yangu wakiuza neno lao kwa mchango mdogo kuliko huo.

Na tarehe 29 Septemba 1845 kijana wa miaka 27 aliyetoroka utumwani Marekani, Frederick Douglass, aliingia Conciliation Hall, ukumbi wa mikutano ya kampeni ya O'Connell hapa Dublin, kumsikiliza. Mzee ana miaka 70 tayari. Akamuita jukwaani, akamtambulisha kama O'Connell mweusi wa Marekani, Douglass akahutubia. Siku tatu tu baadaye, Oktoba 2, kule kwetu Zanzibar Sayyid Said anaweka sahihi mkataba na balozi wa Uingereza Atkins Hamerton, naye Muayalandi, wa kubana biashara ya watumwa isitoke nje ya himaya yake ya Afrika Mashariki. Mambo mawili hayajuani kabisa na soko lenyewe la Zanzibar halikufungwa mpaka 1873, lakini mimi mtu wa pwani nikiziona hizo tarehe mbili zimekaa pamoja mwili unasisimka. Wakati babu zetu wanauzwa Zanzibar kulikuwa na mzee wa Kerry anakataa pesa kwa sababu zimetoka kwenye mgongo wa mtumwa.

Mwisho wake ni mgumu na wanausimulia vizuri. Kwanza mikutano mikubwa ya 1843 ya kudai bunge lirudi, ule wa kilima cha Tara wa Agosti magazeti yalisema watu laki saba na nusu. Oktoba alipanga mwingine Clontarf, pembeni mwa Dublin, serikali ikaupiga marufuku siku moja kabla na majeshi yapo, akaufuta ili watu wasiuawe. Vijana wakamuona muoga. Mimi simuoni hivyo, aliyeongoza kwa kuwaambia watu hakuna damu hawezi kuwapeleka kwenye bunduki. Bado 1844 wakamfunga, miezi mitatu hivi, mpaka Baraza la Malodi London likatengua hukumu. Halafu 1845 ukaja ugonjwa wa viazi na njaa. Februari 1847, mgonjwa, sauti imekwisha mpaka wabunge wa mbali hawamsikii, yule mzee ambaye sauti yake ilikuwa inafika kwa maelfu uwanjani, aliliambia bunge nchi yake ipo mikononi mwao na wasipoiokoa robo ya watu watakufa. Miezi mitatu baadaye akafa yeye.

Kuna pambano la bastola la 1815 pia ambalo watalii wanalipenda, alimpiga risasi bwana D'Esterre wa halmashauri ya jiji akafa. Mimi nataka mjue lililofuata: O'Connell alijuta maisha yote, na akawa anampa mtoto wa kike wa marehemu posho ya kila mwaka mpaka yeye mwenyewe O'Connell anakufa. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kulipia matembezi mengine ya mjini, kampuni siitaji, tukasimama chini ya sanamu yake pale O'Connell Street na kijana akatueleza bastola na uvumi wa wanawake basi, tukaondoka. Hata matundu ya risasi za mapigano ya uasi wa 1916 yaliyotoboa sanamu hakutuonyesha, na yanaonekana kwa macho, angalia wale malaika wa chini. Nilisikitika sana siku ile, watu tulikuwa tumetoka nchi mbalimbali na wengi ndio mara yao ya kwanza kulisikia jina lake. Glasnevin haiko hivyo, pale wanamheshimu na wanakuambia mpaka makosa yake.

Nani aende? Mwanafunzi wa sheria lazima, sikubali kisingizio. Wazazi wenye watoto kuanzia miaka 8 au 9 sawa, wadogo zaidi watachoka na kule chini wanaweza kuogopa. Wazee waende bila mnara. Nenda asubuhi, beba koti hata kama ni Julai, maana upepo wa pale hauna adabu. Ukimaliza, bustani ya mimea ya taifa ipo jirani na kuingia ni bure, na kwa wanaokunywa kuna baa ya John Kavanagh ukutani mwa makaburi, ipo tangu 1833, wenyeji wanaiita ya wachimba makaburi, haina muziki wala televisheni kwahiyo mnaweza kukaa mkaongea mliyoyasikia. Mwenye gari na siku mbili za ziada aendelee mpaka Derrynane huko Kerry, nyumba yake ni makumbusho sasa, na lile gari kubwa la maonyesho alilobebwa nalo barabarani alipotoka jela 1844 lipo pale, lote zima.